Familia ya Church na kufufuka kwa mji wa Memphis

Mwaka 1878 homa ya manjano iliingia Memphis, mji wa bandari ya mto Mississippi katika jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani. Wakazi wapatao 25,000 walikimbia; waliokufa walizidi 5,000. Mwaka uliofuata mji huo, ambao tayari ulikuwa umelemewa na madeni, ukapoteza hati yake ya kujitawala, na bei za viwanja zikaporomoka.

Wengine walipouza, Robert Reed Church alinunua. Alizaliwa 1839 huko Holly Springs, Mississippi. Mama yake, Emmeline, alikuwa mtumwa. Baba yake alikuwa mzungu mwenye meli za mvuke, na kijana alikulia kwenye kazi za melini. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) alifungua baa Memphis. Katika ghasia za 1866 wazungu walimvamia humo wakampiga risasi kichwani, wakamwacha wakidhani amekufa. Alipona, na hakuuhama mji. Wengi humsimulia kama tajiri tu, lakini kwangu mimi uzito wa habari yake uko hapo: alitia fedha zake katika mji uliotaka kumuua. Anakumbukwa pia kuwa wa kwanza kununua hatifungani ya dola 1,000 ya kuukwamua mji na madeni.

Watu weusi walizuiwa kustarehe katika bustani za mji. Kwa hiyo mwaka 1899 Church alifungua bustani yake mtaa wa Beale, yenye ukumbi wa watu wapatao 2,000. Booker T. Washington, mwalimu na kiongozi mashuhuri wa watu weusi, alihutubia hapo, na mwaka 1902 Rais Theodore Roosevelt naye akafika. Mwaka 1906 Church alianzisha benki ya Solvent, ambapo watu weusi waliweza kuweka akiba na kukopa.

Alifariki 1912. Mwanawe, Robert mdogo, alisaidia kuanzisha tawi la Memphis la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, mwaka 1917 na kuwaandikisha maelfu ya wapiga kura weusi. Uongozi wa mji ulipomgeukia, mali za familia zilikamatwa kwa madai ya kodi, bustani ikabadilishwa jina, na mwaka 1953 nyumba yao ikachomwa moto na zimamoto katika maonyesho ya vifaa vyao. Mwaka huohuo dada yake, Mary Church Terrell, akiwa na miaka 89, alishinda katika Mahakama Kuu ya Marekani kesi iliyofungua migahawa ya mji mkuu, Washington, kwa watu wa rangi zote.