Samaki mkubwa hashindi mashindano, tafadhalini

Kila matokeo ya kanda ya mashindano ya uvuvi yakitoka swali ni lilelile: "Mshindi alipata samaki wa kilo ngapi?" Na mtu akiona kwenye jedwali kwamba mshindi wa jumla ana samaki wachache kuliko aliyeshika nafasi ya tatu, anaanza kunong'ona kuwa waamuzi wamechakachua. Hawajachakachua kitu. Safu ya mwisho ya jedwali ndiyo hamkuisoma.

Nazungumzia mashindano ya kuvua kwa nzi bandia, yaani ndoana iliyovalishwa ifanane na mdudu, yanayofuata kanuni za FIPS-Mouche, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinazotumika kwenye mashindano ya dunia yaliyoanza Luxembourg mwaka 1981. Kanda na vyama vingi, Ulaya na Marekani, vinazifuata kwa marekebisho madogo. Wale wa mabwawa ya Uingereza wanaopima uzito kwa mtindo wa zamani wana hesabu yao, siwagusi leo.

Hesabu iliyozoeleka ni hii: samaki halali ana pointi 100, kisha 20 kwa kila sentimita ya urefu. Mizani haipo. Samaki wa sentimita 50, ambaye watu wangempiga picha kutwa nzima, ana 1,100. Wawili wa sentimita 23, ambao mama yako angeuliza kama hao ni dagaa, wana 560 kila mmoja, jumla 1,120. Na kwa uzi wa milimita 0.10 yule mkubwa atakula dakika zako nyingi, tena akiwa na nafasi nzuri ya kuchomoka, maana ndoana zote ni lazima ziwe bila kijino. Hao wadogo wawili unawavuta, unawapima, unawaachia, unarudi kazini.

Hapo sasa msomaji mwerevu hurukia kosa la pili: "Basi mwenye pointi nyingi ndiye bingwa." Hapana! Pointi hizo zinatumika kupanga nafasi ndani ya kundi lako, katika kipindi kimoja cha saa tatu. Wa kwanza anaandikiwa 1, wa pili 2, na kuendelea. Mwisho wa siku zinajumlishwa nafasi, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Ni kama ligi ya mpira: ukimfunga mtu 7–0 unachukua pointi tatu zilezile za 1–0, na tofauti ya mabao hutazamwa mkilingana tu.

Chukua kundi la watu kumi, vipindi vitatu, viwili mtoni na kimoja bwawani. Mvuvi mmoja anaongoza mara mbili mtoni kwa samaki wengi ajabu, halafu bwawani anatoka kapa peke yake: 1 + 1 + 10, jumla 12. Mwingine hakuongoza hata mara moja: 4 + 3 + 4, jumla 11. Huyu wa pili ameshinda, hata kama idadi ya samaki wake ni nusu ya mwenzake. Ukiona ni uonevu, sawa, lakini ndiyo kanuni, na kila aliyejiandikisha aliijua.

Nalikazia hili kwa sababu linabadilisha namna ya kuvua tangu dakika ya kwanza. Samaki wa 20 kwa anayeongoza kwa mbali hamuongezei nafasi hata moja. Samaki wa kwanza, akiwa na urefu wa chini unaokubalika na ushei kidogo, anaweza kukupandisha nafasi tano, hasa bwawani siku ambayo nusu ya kundi imetoka kapa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuvua yule mmoja. Anayefika kwenye kipande cha mto alichopangiwa kwa kura na kwenda moja kwa moja kwenye dimbwi refu la kina, kwa sababu "mkubwa lazima amelala pale", amekuja kutalii.

Samaki wa kwanza mtafute kwenye maji membamba yanayokimbia juu ya mawe, kina cha goti kushuka chini, na anza na ukingo uliosimama wewe. Usiingie majini kwanza. Mahali unapotaka kukanyaga ndipo alipo. Anzia mwisho wa chini wa kipande, panda juu haraka, mitupo miwili mitatu kila mfuko wa maji nyuma ya jiwe. Wasomaji wa Nyeri na Kerugoya mnaovua trauti, wale samaki wa maji baridi, kwenye mito ya Gura au Thiba, maji yenu hayo madogo ya mawe mawe ni shule kamili ya kazi hii, tangu trauti walipoletwa huko mwaka 1905.

Vifaa nitavipitia mbio. Ufito wa futi 10, mwepesi, wa mshipi wa namba 2 au 3 (namba ndogo ni mshipi mwepesi). Uzi wa mbele hauruhusiwi kuzidi urefu wa fito mbili, yaani mita sita na kidogo kwa ufito huo. Nzi wasizidi watatu, na kati ya mmoja na mwingine pawe na sentimita 50 au zaidi. Chubwi na chelezo ni marufuku, uzito wote uwe ndani ya nzi mwenyewe. Fito nyingine ziwe zimefungwa tayari ukingoni, mmoja wa nzi wa kuelea, maana kufunga uzi upya katikati ya kipindi ni kutupa samaki wawili.

Uzito ndipo wengi wanapoharibu. Ushanga wa tungsteni, metali nzito, unaokaa kichwani mwa nzi: wa milimita 2 hadi 2.5 ni wa maji ya muundi, 2.8 hadi 3.3 ni wa maji ya goti hadi paja, 3.5 na zaidi ni wa shimo lenye nguvu. Mzito akae mwisho wa uzi, mwepesi juu yake. Tupa kuelekea juu ya mto, inua ncha ya ufito mpaka mshipi wote mnene uwe nje ya maji, kisha ongoza kwa mwendo wa maji ya chini, ambayo ni ya polepole kuliko yale unayoyaona juu. Ukipitisha mara tano bila kugusa jiwe hata mara moja, u mwepesi mno. Nzi akinasa kwenye mawe kila mtupo kabla ya mita ya kwanza, u mzito mno. Badilisha uzito kabla ya kubadilisha nzi.

Na hapa niseme ambalo vitabu havisemi. Nina visanduku vya shanga za shaba, fedha, dhahabu na nyeusi, na huwa nabadilisha rangi kwa uso wa mtu anayejua anachofanya. Lakini mara nyingi anayebadilisha nzi amebadilisha na uzito bila kukusudia, na nashuku sana kwamba uzito ndio uliokamatisha samaki, rangi ikapewa sifa.

Ukishampata wa kwanza, punguza mwendo. Gawa kipande, na sehemu moja nzuri iache bila kuigusa hadi nusu saa ya mwisho. Samaki mlete kwa mwamuzi akiwa ndani ya wavu uliozama majini. Mwamuzi akiwa mita 60 nyuma yako, kila samaki anakugharimu dakika tatu za kutembea, kwa hiyo mwombe kwa adabu asogee. Na zoeza jicho lako kujua urefu. Kumpelekea samaki mfupi usiku na mchana ni mazoezi ya miguu tu.

Bwawani, tuseme Rutland, Grafham au Chew kule Uingereza, mnakuwa wawili kwenye mashua, mmeketi, mnasukumwa na upepo huku mwavuli wa kitambaa ukiburutwa majini nyuma yenu kupunguza kasi. Watu hudhani hapo ni kutupa mbali. Ni kina. Mshipi wa kuzama wa Di-3 unashuka inchi tatu kwa sekunde, Di-5 inchi tano, Di-7 saba. Di-5 ukiuhesabia sekunde 20 uko kama mita mbili na nusu. Ukiguswa, ikumbuke hesabu hiyo, irudie. Jua likitoka vijidudu vinavyoliwa vinashuka, na trauti wa upinde wa mvua wanavifuata, kwa hiyo hesabu ya asubuhi haifai saa sita. Kabla ya kuinua nzi, waache waning'inie sekunde tano hadi kumi. Funga alama ya uzi wa rangi kwenye mshipi kama mita sita kutoka mwisho ili vidole vijue wakati wa kusimama. Wengi wa samaki wa "bahati" hunaswa hapo.

Kura ya kugawa vipande je? Ndiyo, ina nguvu kuliko tunavyokiri. Kipande tambarare kisicho na jiwe kinalinganishwa na kipande kizuri cha jirani kana kwamba ni sawa, na vipindi vitatu havitoshi kufuta tofauti hiyo. Timu ya watu watano inaisambaza. Mtu mmoja inamkalia shingoni.

Wala nisieleweke kwamba ukishaongoza ukae chini unywe chai. Kwanza humwoni mwenzako, hujui ana wangapi. Pili, wawili wakilingana kwa nafasi, jumla ya pointi ndiyo inayowatenganisha, na hapo yule samaki wa 20 aliyeonekana hana kazi anaweza kuwa wa kukutoa nafasi ya pili.