Shule zikifungwa, nani anawakimbiza watoto?

Watu wakitaja mazoezi ya shuleni hufikiria kipindi cha P.E. Tuseme ukweli: katika shule nyingi kipindi hicho kipo kwenye ratiba tu. Mtihani ukikaribia, mwalimu wa Hisabati hukichukua na hakuna anayeuliza. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia ya watoto hapa Nairobi, na ninapotafuta mtoto anapata wapi mwendo wake wa siku, P.E. huja karibu mwisho. Mwendo huo huanza na njia ya kwenda shuleni na kurudi.

Piga hesabu. Mtoto anayeishi kilomita mbili kutoka shuleni, akienda kwa kasi ya kilomita nne kwa saa, hutembea nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli ya kuupa moyo kazi, kwa watoto wa miaka 5 hadi 17. Huyu anayeharakisha asikute geti limefungwa amekaribia kiwango hicho kabla hajagusa mpira. Bado hatujahesabu mapumziko ya saa nne na michezo yake: kati, brikicho na kamba.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na yote hayo yalikatika kwa siku moja. Masomo ya redioni na kwenye runinga yaliendelea kiasi, lakini hakuna redio inayomtembeza mtoto kilomita nne. Mwezi uo huo kafyu ikaanza. Mitaa kama Pipeline hapa Nairobi, ambako gorofa zimebanana hadi jua halifiki chini, mtoto angecheza wapi? Paa ni la kuanika nguo, ngazi ni za wapangaji, na keateka, msimamizi wa jengo, hataki kelele.

Waliokuwa ushago mambo yao yalikuwa tofauti. Kuchunga mbuzi, kuchota maji, kupalilia: mwili haukosi kazi, ingawa mtungi wa lita 20 kichwani mwa msichana wa miaka kumi sitauita mazoezi. Kwa hiyo mtu akiniambia “watoto walinenepa wakati wa korona,” humuuliza: watoto wa wapi?

Kuna jambo jingine ambalo wazazi huligundua kila likizo. Shule ikikosekana, saa za kulala husogea, runinga na simu hujaza pengo, na mtoto hula kila apitapo jikoni. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walitoa dhana kwamba siku iliyopangwa humlinda mtoto hata kama mpangilio wenyewe haukulenga afya yake. Ninayoyaona kliniki yanakubaliana nao.

Muda nao una uzito wake. Tanzania ilifungua shule zote mwisho wa Juni 2020. Hapa Kenya wengi walisubiri hadi Januari 2021, na Uganda hadi Januari 2022. Pumzi hupungua ndani ya wiki chache tu za kukaa, na hurudi mtoto akianza kucheza tena. Mifupa ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu hujijenga kwa kurukaruka na kukimbia, na miaka ya kujijenga hivyo ni michache.

Halafu urefu. Kijana aliye kwenye kilele cha kubalehe huongezeka sentimita 8 au 9 kwa mwaka. Akikaa nyumbani miezi tisa, anarudi uwanjani na miguu mirefu kuliko aliyoondoka nayo, misuli ikiwa imekaza na haijazoea kazi. Mwalimu wa michezo anamwambia akimbie mizunguko kumi siku ya kwanza. Baada ya muda ananijia na uvimbe chini ya goti, pale kano inaposhika mfupa, au maumivu ya kisigino. Dawa yake kubwa ni kupunguza mbio na kurudi polepole. Mwalimu angeanza na michezo ya kukimbizana kwa wiki mbili tatu, wengi wao nisingewaona.

Shule zitafungwa tena; mwaka 2024 mafuriko yalisogeza ufunguzi wa muhula wa pili hadi 13 Mei. Ushauri wangu kwa wazazi wa gorofa ni mdogo sana. Mtume mtoto duka la mbali, akiwa na mwenzake, asubuhi. Kisha ninyi wapangaji mwendeeni landilodi kwa pamoja, mwombe maegesho yawe ya watoto kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja, kabla magari hayajarudi.