Mama wa Mtoto Njiti Hakosi Shukrani

Hapa Kisumu, mama aliyejifungua mtoto njiti, yaani kabla ya wiki 37 za ujauzito, huambiwa, "Mtoto yuko hai, unalilia nini?" Maneno hayo humfunga mdomo, nami yananiuma. Machozi ya siku chache za kwanza huwapata akina mama wengi, kisha hupita. Lakini yakizidi wiki 2, akakosa usingizi hata mtoto alalapo, akajiona hafai, huenda ni unyogovu, yaani huzuni nzito isiyoisha: ni ugonjwa, na unatibika. Mama anayerudi nyumbani mikono mitupu, mtoto akibaki hospitali kwenye inkubeta, mashine ya kumpa joto, yumo hatarini zaidi. Kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, husaidia, ila si dawa ya kila kitu. Amwambie muuguzi kliniki. Akiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.