Je, wajua kwa nini gego zima huuma baada ya baraza ya miraa?

Ukipita mitaa ya Lamu baada ya alasiri utawaona barazani: shavu moja limetuna, taya linakwenda. Usiku wa manane mmoja wao ameshika shavu, analalamikia gego, na asubuhi anataka ling'olewe. Mara nyingi gego halina kosa. Kinachouma ni msuli wa kutafunia.

Msuli huu huanzia kwenye kitefute, yaani mfupa wa shavu, ukashuka hadi pembe ya taya, chini ya sikio. Uma meno huku umegusa shavu, utausikia ukituna. Taya likipumzika, meno ya juu na ya chini hayagusani. Huwa na mwanya wa milimita 2 hadi 4. Msuli usiopewa mwanya huo kwa saa nne mfululizo hukakamaa na kufanya vifundo. Na kwa kuwa neva yake ndiyo hiyo hiyo ya meno, ubongo hukosea mlango. Miraa ina ubaya wa ziada: kichangamsho chake humfanya mtu aendelee kukaza taya hata akishatema. Asiyeigusa naye haponi, ikiwa husaga meno usingizini au hushona kofia siku nzima ameinama, meno ameyauma.

Utajuaje ni msuli? Bonyeza shavu. Maumivu yale ya "jino" yakirudi, umeupata. Lakini kama maji baridi yanalichoma jino moja, au linauma ukiligonga, hilo ni la daktari wa meno.

Kabla ya kukanda, chovya pembe ya leso katika maji ya moto, kamua, ufunike shavu kwa dakika 10. Iwe joto la kuvumilika. Paka tone moja la mafuta ya nazi au ya uto, si zaidi. Mafuta mengi huteleza na kidole hakishiki msuli. Dawa kali za kuchua ziache, zitakuingia machoni.

Sasa achanisha meno. Hapa ndipo wengi hukosea: wanakanda huku wameuma meno, basi wanashindana na msuli uliokazwa. Weka vidole viwili au vitatu chini ya kitefute, zungusha polepole nusu dakika, kisha uvute kuelekea chini hadi pembe ya taya. Rudia mara tano. Ukifika kwenye kifundo usikisugue; kibonyeze utulie sekunde 10 mpaka kilegee. Maumivu yawe yale ya "hapo hapo", si ya kukukunja uso, maana ukikandamiza sana msuli hujikaza kujikinga na kesho utaamka vibaya zaidi. Malizia mapanjani, juu ya sikio, kwa kuwa huko kuna msuli mwingine wa kutafunia uliotandazwa kama upepeo.

Kifundo kikikataa, nawa mikono, kata kucha, tia kidole gumba ndani ya shavu na vingine viwe nje, ukibane taratibu sekunde 5 hadi 10. Kisha gusisha ncha ya ulimi kwenye kaakaa, ufungue na kufunga mdomo mara sita bila kuutoa ulimi hapo. Dakika tano asubuhi na tano usiku zinatosha. Siku hizo ziachwe miraa na chingamu, na miayo izuiwe kwa kiganja chini ya kidevu.

Usibonyeze kiungo chenyewe mbele ya sikio, wala shingoni chini ya taya, penye mshipa mkubwa wa damu.

Na si kila taya ni la kukandwa. Kuna uvimbe wenye homa, au taya lililogongwa: muone daktari. Mzee anayeumwa panja, taya likichoka kila anapokula na macho kuanza kufifia, asicheleweshwe. Maumivu ya taya yanayokuja na kubanwa kifua huenda ni ya moyo. Taya likigoma kufunguka kwa mtu mwenye kidonda, hata cha msumari tu, hiyo yaweza kuwa pepopunda. Apelekwe Hospitali ya King Fahd, mjini Lamu, usiku huo huo, hata kama ni kwa boti.