Maumivu ya Juu ya Kalio: Maswali na Majibu

Naumwa upande mmoja, chini ya kiuno. Ni pingili za mgongo?
Si lazima. Mwisho wa uti wa mgongo, juu ya kifandugu, kuna mfupa wa pembetatu. Unapokutana na mfupa wa nyonga, kila upande, ndipo kilipo kiungo cha sakroiliaki. Mwenye tatizo hapo, ukimuuliza panapouma, mara nyingi huweka kidole kimoja karibu na kile kibonyeo cha juu ya kalio. Huumia zaidi akiinuka kitini, akipanda ngazi au akijigeuza kitandani.

Nimeambiwa kiungo kimetoka. Kitarudishwa?
Hakijatoka, isipokuwa kama ulipata ajali kubwa. Kiungo hiki kimefungwa na kano nene na husogea milimita chache tu. Kuvutwa mguu kunaweza kukupa nafuu ya muda, lakini hakuna kilichorudishwa.

Husababishwa na nini?
Miongoni mwa sababu ni ujauzito, kuangukia kalio, au baridi yabisi ya uti wa mgongo.

Hugunduliwaje?
Mtaalamu wa fiziotherapia hukandamiza na kusukuma nyonga kwa namna kadhaa. Jaribio moja halitoshi. Matatu au zaidi yakiamsha maumivu yale yale, ndipo kiungo hiki kinashukiwa. Eksirei mara nyingi haionyeshi kitu.

Fiziotherapia itanisaidiaje?
Msingi wake ni kuimarisha misuli ya makalio na tumbo. Zoezi la kuanzia: lala chali, kunja magoti, nyayo sakafuni. Kaza makalio, inua kiuno taratibu hadi mapaja na kiwiliwili vinyooke, tulia kidogo, kisha shuka polepole. Maumivu yakizidi, punguza kimo. Usitegemee matokeo ya siku mbili. Misuli huchukua wiki kadhaa kupata nguvu. Wengine, hasa wajawazito, husaidiwa na mkanda wa nyonga, unaofungwa chini kuliko mshipi wa suruali.

Nyumbani, bana magoti pamoja unapojigeuza kitandani, lala ubavu na mto katikati ya magoti, na vaa suruali umeketi. Kulala kutwa nzima hakusaidii, hata kama ndivyo majirani wanavyokushauri.

Lini nimwone daktari?
Ukiamka umekakamaa zaidi ya nusu saa kila asubuhi, hasa kama una umri chini ya miaka 45, au ukipata homa au kupungua uzito bila sababu. Ukishindwa kuzuia mkojo au kukojoa, ukifa ganzi sehemu za siri, au mguu ukiishiwa nguvu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.