Kuondoa chavua na kuchavusha ni vitu viwili

Juzi tena nimemsikia mtu anasema kwa uhakika kabisa eti mdudu fulani ndo mchavushaji bora kwa sababu anaondoa chavua (ule unga wa kiume wa ua) nyingi kuliko wenzake. Nimeshaisikia hii mara nyingi mno, ngoja tuiweke sawa.

Uondoaji wa chavua ni idadi ya chembe zinazotoka kwenye ua mdudu akilitembelea, basi. Kuipima, unalifunika ua kwa neti likiwa bado tumba, likichanua unalifunua na kumwachia mdudu mmoja atue mara moja, akiruka tu unakata stameni zote (vile vijiti vya kiume vinavyobeba chavua) unaziloweka kwenye spiriti, halafu unahesabu kwa hadubini chembe zilizobaki. Ua hilohilo huwezi kulihesabu kabla na baada maana kuhesabu kunaliharibu, kwa hiyo unalinganisha na maua mengine ya mmea uleule, umri uleule, ambayo hayajaguswa. Tuseme yasiyoguswa yana wastani wa chembe 10,000 na hili limebaki na 4,000, basi zimeondoka 6,000.

Zimeondoka. Hatujasema zimefika.

Na Kiswahili chenyewe kinatuonyesha. Ondoa ina ule mwisho wa kutengua tunaousikia kwenye chomoa na fungua, kitu kilikuwa mahali sasa hakipo. Chavusha ina -sha ya kusababisha, kama amsha, kama kumbusha, yaani kuna mwingine wa upande wa pili ambaye jambo lazima limfikie. Huwezi kusema umemwamsha mtu wakati bado amelala! Vilevile ua halijachavushwa mpaka chavua itue kwenye stigma, ile ncha ya kike inayopokea chavua, na iwe ya mmea wa aina yake. (Hata hapo bado haijawa utungisho, yaani mbegu ya kiume kuungana na ya kike, huo unakuja baadaye, lakini hilo tuliache.)

Angalia ua dume la boga asubuhi. Nyuki anazama ndani kufuata nekta, anatoka mgongo wote umekuwa wa njano, na chembe za boga ni kubwa na zinanata, unaziona kabisa kwenye manyoya yake. Afu anatua kwenye jani, anajisugua kwa miguu, nyingine zinaanguka chini, anaruka kwenda ua dume jingine. Ukipima ua lile la kwanza utaandika namba kubwa, na ua jike lililo mita mbili pembeni halijapata hata chembe moja, na maua yenyewe mchana yanafunga.

Kwa nyuki wa asali ndo inaonekana zaidi, maana chavua anayoikusanya anailowanisha kwa nekta na kuibana kwenye vikapu vya miguu ya nyuma iwe chakula cha mzingani. Ikishafika pale ni ngumu sana kuipata stigma. Kuna mbawakawa wanaoila palepale juu ya ua. Wote hao wameondoa chavua, tena nyingi. Mdudu anayebeba nyingi na kufikisha kidogo anaweza hata kulitia ua hasara, kwa sababu amemaliza chavua ambayo mgeni anayefuata angeifikisha.

Sisemi kipimo hiki hakina maana, mimi nakipenda kweli. Chavua ndo upande wa kiume wa mmea, isipoondoka hakuna ua jingine litakalozaa kupitia kwake, na kuna mimea inayoitoa kidogokidogo ili mgeni mmoja asiibebe yote. Vifuko vya chavua vya nyanya vimeshikana kama bomba, chavua inatokea kwenye ncha tu, na nyuki anayejua kazi hiyo anaving'ata na kutetemesha misuli ya mbawa bila kupiga mbawa mpaka chavua imwagike. Kipimo cha uondoaji kinakuonyesha vizuri nani anaweza hilo na nani hawezi.

Kwa hiyo kama umehesabu stameni peke yake, andika tu "chavua iliyoondolewa", inatosha na ni kazi halali. Ukitaka kuandika uchavushaji, chukua ua ambalo halijawahi kutembelewa, mdudu huyohuyo atue mara moja, afu uhesabu na chembe zilizoko kwenye stigma.