R mraba 0.99 haitoshi, nionyeshe masalio

Wanafunzi wengi wakija maabara kwetu na grafu zao wananionyesha namba moja tu, "dokta ona, R mraba 0.99", halafu wanasubiri nitie saini. Namba hiyo inasema mstari umezikaribia nukta kiasi gani, 1 ikiwa ndo kamili. Mi huwa nauliza, masalio umeyachora? Kimya. Na siwalaumu sana, maana programu za kuchora grafu kama Origin na SigmaPlot zinakuwekea ile R mraba mahali unapoiona haraka, masalio mpaka uende kuyaangalia mwenyewe na hakuna aliyemwambia aende.

Masalio ni kitu rahisi tu. Kwa kila nukta chukua ulichopima, toa kile ambacho mstari unasema, basi. Ukiyachora peke yake yanatakiwa yatawanyike ovyo juu na chini ya sifuri, yasiwe na sura yoyote. Ukiona yanaanza chini, yanapanda katikati, halafu yanashuka tena, ujue data zako zimepinda na wewe umezilazimishia mstari ulionyooka, na hapo hapo R mraba inaweza kabisa kuwa 0.99.

Nitoe mfano wa maji kwa sababu hapa ndo kosa linaumiza watu. Kule Arusha, kuzunguka mlima Meru, maji ya chemchemi na visima vingi yana floridi nyingi, ndo maana unakuta meno ya watu yana rangi ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi inaingia mpaka kwenye mifupa. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Njia mojawapo ya kupima inaitwa SPADNS, unaweka kemikali nyekundu, floridi inaifubaza, spektrofotomita, mashine inayopima rangi kwa mwanga, inasoma imefubaa kiasi gani. Sasa mstari wa njia hii, yaani grafu ya usomaji dhidi ya kiasi cha floridi, unanyooka mpaka kama miligramu 1.4 kwa lita tu, ukivuka hapo rangi ya kufubazwa inaanza kuisha na mkunjo unalala. Mtu ana sampuli yenye 6, hajaizimua, anaipima hivyo hivyo anabofya "fit", yaani nitafutie mstari unaozifaa nukta, na programu inaurefusha mstari mpaka popote anapotaka kwa sababu yenyewe haijui kemia, inajua hesabu tu, jibu linatoka dogo kuliko ukweli na kuna familia inaendelea kunywa yale maji. Inaniuma kwa kweli. Na dawa yake ni ndogo: zimua sampuli mpaka usomaji uingie ndani ya standadi zako, zile sampuli ambazo kiasi chake unakijua, halafu zidisha jibu kwa mara ulizozimua.

Kuna mtakwimu anaitwa Francis Anscombe, mwaka 1973 alitengeneza seti nne za data, kila moja nukta 11. Wastani wa x ni 9 kwa zote, wastani wa y ni 7.5, na mstari unaotoka ni ule ule, y = 3 + 0.5x, hata R mraba ni ile ile kama 0.67. Zichore sasa! Moja ni mstari wa kawaida wenye kutawanyika, moja ni upinde kabisa, moja imenyooka vizuri ila nukta moja imeruka juu ikavuta mstari wote, na ya mwisho nukta kumi zimesimama kwenye x moja. Kama hujawahi kuzichora, chora leo, dakika kumi zinatosha.

Ukifiti mikunjo badala ya mstari ulionyooka kuna jambo la ziada, thamani za kuanzia, yaani makisio ya kwanza ya vigezo, zile namba ambazo programu inazitafuta. Programu nyingi zinatumia njia ya Levenberg na Marquardt, ambayo inaanza pale ulipoiweka na kuteremka kidogo kidogo kutafuta makosa madogo zaidi, ukiianzishia mbali inaweza kunasa kwenye bonde lisilo lenyewe. Programu ya Gnuplot usipoipa kitu inaanza na 1 kwa kila kigezo, na kama kigezo chako halisi ni 0.00003 usishangae ikichemka. Kwa vimeng'enya mi huwa naanza na kasi kubwa kuliko zote niliyopima kama Vmax, yaani kasi ya juu kabisa ya kimeng'enya, na Km, kile kiwango cha kemikali inayobadilishwa na kimeng'enya, naweka pale kasi inapofika nusu yake. Na tafadhali tuachane na kugeuza data kuwa moja-chini-ya, yaani 1 gawanya kwa kila kipimo, ili tupate mstari, ile ya Lineweaver na Burk ya 1934 ilikuwa ya enzi za penseli na rula, inavipa nguvu kubwa vipimo vidogo ambavyo ndo vyenye mashaka zaidi.

Kulainisha data, yaani kuzichanganya nukta na jirani zake ili zisirukeruke, kabla ya kufiti nako sikubali. Nukta zikishalainishwa zinaazimana makosa na jirani zake, kwa hiyo mashaka ambayo programu inakuandikia yanatoka madogo kuliko yalivyo.

La mwisho, vile vijiti vya makosa juu ya nukta. Ukiwa na vipimo 9, kosa sanifu la wastani (mashaka ya wastani wenyewe) ni theluthi moja tu ya mchepuko sanifu (vipimo vimetawanyika kiasi gani), kwa hiyo msomaji asipoambiwa ni kipi kati ya hivyo viwili hawezi kujua. Andika chini ya grafu ni kipi, na umepima mara ngapi.